Ford Model T: Pedeli Tatu, na Kiwanda Kilichoshusha Bei

Karibuni tena, wadau. Leo mezani ni Ford Model T, iliyoingia sokoni Marekani Oktoba 1908. Injini ya silinda nne, nguvu farasi 20, hayo mnayajua, tuyapite. Mimi nataka pedeli. Hizi pedeli nazipenda mno!

Haya, tazama hapa chini. Pedeli tatu, na hakuna hata moja ya mafuta! Mafuta ni kijiti cha kulia chini ya usukani, cha kushoto ni cha taimingi, yaani muda wa cheche kuwasha mafuta ndani ya injini. Pedeli ya kushoto: kanyaga mpaka chini, hiyo gia ya kwanza. Ipandishe nusu, nyutro. Iachie kabisa, gia ya pili, na gia zimeishia hapo. Ya kati, unapoizoea breki kwenye gari la leo, ni rivasi. Ya kulia ndiyo breki, nayo haishiki magurudumu, inabana ngoma ndani ya giaboksi.

Kwa nini waliifanya hivi? Gia zote zimeshikana muda wote. Kila pedeli inakaza bendi moja, yaani mkanda wa chuma, kuzunguka ngoma yake, basi. Magari mengi ya washindani ulikuwa unasukuma gia ziingiane, ukikosea kidogo meno yanasagana. Hapa mtu ambaye hajawahi kushika usukani anaondoka bila kuvunja kitu. Hata breki ikilegea, unakanyaga rivasi, gari linasimama.

Shida ni bendi zenyewe. Bitana yake, kile kitambaa cha ndani kinachosuguana na ngoma, ni ya pamba, inaisha, gari linaanza kuteleza mlimani. Bendi ya gia ya kwanza unaikaza kwa skrubu ya nje. Ya breki na ya rivasi mpaka ufungue kifuniko cha giaboksi, na hapo ziba nafasi kwa kitambaa kwanza, maana nati ikitumbukia mle ndani, kazi imekuwa kubwa.

Na asubuhi ya baridi? Oili inakuwa nzito, sahani za klachi zinagandana, ukipiga hendeli, ule mkono wa chuma wa mbele wa kuzungusha injini iwake, gari linakufuata ulipo. Dawa yake: piga jeki gurudumu moja la nyuma, weka vizuizi kwenye mengine. Taimingi irudishe nyuma kabla ya yote, la sivyo hendeli inarudi kwa nguvu na kuvunja mkono. Vuta kuelekea juu kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Kwa wageni wa chaneli: bonyeza kengele, mfululizo wa magari ya zamani ndio kwanza umeanza.

Sasa bei. Mwaka 1908 lile la abiria watano lilikuwa dola 850. Mwaka 1925, dola 290. Jibu liko Detroit. Ford walianzia kiwanda cha ghorofa tatu cha Piquette, mafundi wakiliunda gari likiwa limesimama. Mwaka 1910 wakahamia Highland Park, jengo lenye madirisha makubwa lililochorwa na msanifu majengo Albert Kahn. Mwaka 1913 wakaanza na magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche: fundi mmoja alikuwa akiiunda kwa kama dakika 20. Wakaigawa kazi kwa watu 29 waliopangwa mstari, ikashuka hadi dakika 13. Wakainua meza ili watu wasiiname, wakaweka mnyororo wa kuisogeza, ikafika dakika 5. Kisha chesisi, fremu inayobeba gari zima: muda wa kuiunda ukashuka kutoka saa 12 na nusu za kazi hadi saa moja na dakika 33.

Lakini kazi ile ilichosha, watu wakawa wanaacha kwa wingi. Januari 1914 kampuni ikatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8. 

Ninachowalaumu Ford ni kung'ang'ania. Rangi nyeusi peke yake kuanzia 1914 hadi 1925, gia mbili zilezile mpaka Mei 1927, zaidi ya magari milioni 15! Mshindani wao Chevrolet alikuwa na gia tatu na rangi za kuchagua, na wateja wakaanza kumfuata. Ningekuwa mnunuzi wa 1915, Ford bila kusita. Wa 1926, naenda Chevrolet. Wewe je? Niandikie kwenye maoni.