Kupe wa masika: dawa ya kuogeshea au ya matone?

Masika ya Machi hadi Mei yakishika Dar es Salaam, nyasi hushamiri na kupe nao. Dawa ya kuogeshea, ile ya duka la dawa za mifugo, ni nafuu kwa mwenye mbwa kadhaa wa ulinzi. Lakini inataka vipimo sahihi na glavu, na mvua huipunguza nguvu. Matone ya shingoni ni ghali, ila mengi hukinga takriban mwezi mzima. Usimwogeshe mbwa siku mbili kabla wala baada ya kumtia matone. Mimi nachagua matone, maana mbwa wangu hulala nje. Na paka, jamani! Pemethrini, sumu ya wadudu iliyomo katika baadhi ya dawa za mbwa, huweza kumuua. Mnunulieni dawa yake, kwa uzito wake.