Miezi 8 na mabasi ya njia maalumu: uzoefu wangu na mama wa kiti cha magurudumu

Kabla ya mabasi haya, mama alikuwa akienda kliniki kwa kubebwa. Kubebwa kwelikweli: mimi nimemshika makwapani, kondakta kashika miguu, kiti chake kinakunjwa na kusukumwa nyuma pamoja na mizigo, tena kinatozwa nauli yake. Siku nyingine dereva akituona tu anaongeza mwendo.

Sasa serikali imetenga njia ya mabasi peke yake, na vituo vimeinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi. Mlango unafunguka, nasukuma, tumeingia. Siku ya kwanza mama aliniuliza, "Tayari?" Nikamwambia tayari. Hakusema neno lingine mpaka tunashuka.

Wazo lenyewe ni la zamani. Curitiba, Brazil, ilianza njia za namna hii mwaka 1974, na mwaka 1991 ikajenga vile vituo vyake vya umbo la bomba, ambamo abiria hulipa kabla basi halijafika kisha huingia bila kupanda ngazi. Bogotá, Colombia, ilifuata mwaka 2000, Dar es Salaam mwaka 2016. Nayataja haya kwa sababu nasikia wengi wakisema wenye mabasi wangeachiwa tu wangeyafanya wenyewe. Mimi siamini. Hakuna mwenye basi anayeweza kujikatia kipande cha barabara. Na hesabu yake ni vichwa: nafasi ya kiti cha mama ingebeba watu kadhaa waliosimama, kwa hiyo isipoandikwa kwenye mkataba kuwa ni lazima, haitakuwepo.

Kasoro zipo, na moja ni ya hatari. Dereva akisimama hata kiganja kimoja mbali na ukingo wa kituo, magurudumu madogo ya mbele yanatumbukia kwenye lile pengo. Mwezi wa tatu yalitumbukia. Mama akarushwa mbele, mkanda ndio uliomshika. Tangu siku hiyo namgeuza, tunaingia kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Ukingo wa mpira ungeziba pengo hilo, na madereva wafundishwe kusogea. Nimeandika barua mara mbili, sijajibiwa.

Mashine ya kugusia kadi nayo imefungwa juu mno. Mama mikono yake ni mizima kabisa, lakini haifiki, na hivyo hawezi kusafiri bila mtu. Hili linaniuma kuliko pengo, maana yeye ndiye anayetamani kwenda peke yake.

Hata hivyo sirudi nilikotoka. Kama una mzazi kama wangu, ingieni mlango wa pili, ndiko iliko nafasi ya kiti na mkanda wake. Msafiri kabla ya saa 12 asubuhi au baada ya saa 3. Katikati ya hapo nafasi hiyo hujaa watu, na si wote husogea ukiwaomba.