Uzoefu wangu na Boss Katana-100 MkII kwenye bendi ya kopi

Mpiga gitaa wa bendi ya kopi, yaani inayopiga nyimbo za wengine, hutoka kwenye rumba akaingia fanki, kisha roki, kisha wimbo wa taratibu wa kuchezesha wapenzi, na baina ya wimbo na wimbo hapati muda wa kuinamia vitufe. Ndiyo maana amplifaya ya kazi hii siipimi kwa wingi wa sauti ilizobeba. Naipima kwa mambo mawili: sauti safi ibaki safi hata ngoma zikikolea, na mguu uweze kubadilisha sauti bila gitaa kuruka juu au kuzama. Kwa vipimo hivyo Katana-100 MkII imenifaa, ila kuna namna ya kuitumia.

Ni amplifaya ya transista yenye sauti za kidijitali, wati 100, spika moja ya inchi 12, uzito wa kilo 14.8. Inabebeka kwa mkono mmoja, gitaa mkono wa pili. Ina aina tano za sauti (Acoustic, Clean, Crunch, Lead na Brown), kila moja na sura yake ya pili inayoitwa kwa kitufe. Unaweza kuhifadhi mipangilio minane, minne minne katika mafungu mawili.

Wati zinawachanganya wengi. Wati 100 dhidi ya wati 50 ni tofauti ya desibeli 3 tu, na sikio huhitaji kama desibeli 10 ndipo lihisi sauti imekuwa maradufu. Kwa hiyo hununui kelele, unanunua nafasi. Sauti ya distosheni (ile ya kukwaruza) imekwisha kubanwa, yaani vilele vyake vimeshushwa, inapenya kwenye ngoma hata kwa wati 15. Sauti safi haikubanwa. Kila ukikwaruza nyuzi kwa nguvu inaruka ghafla, na amplifaya isiyo na akiba inaanza kukoroma hapo hapo. Kwa mpigaji wa ridhimu ya rumba au fanki hilo ni pigo. Kuna sababu nyingine ya kuchukua ya 100: Katana-50 MkII ya kawaida haina tundu la kidhibiti cha mguu cha GA-FC, wala njia kamili ya kutoa na kurudisha sauti kwa ajili ya pedali (visanduku vya mguu vya kubadili sauti) za nje. Bila kidhibiti cha mguu, mipangilio minane ni pambo tu.

Clean ndiyo iliyonishawishi. Iko wazi, haina rangi nyingi, inapokea pedali vizuri. Crunch inatosha kwa roki ya kawaida, na ukipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe hadi 6 au 5 inasafika kiasi cha kupigia ubeti, halafu unafungua kwenye kiitikio. Brown ni tamu chumbani. Kwenye bendi, geini (kiasi cha kukwaruza kwa sauti) ikipita nusu inageuka uji. Acoustic ni kwa gitaa la mbao lenye pikapu (kinasa sauti cha nyuzi). Usitarajie ilifanye gitaa la umeme lisikike kama la mbao.

Mpangilio wangu wa fungu la kwanza ni huu. Chaneli, yaani mpangilio uliohifadhiwa, ya 1 ni Clean, geini robo, mwangwi kidogo. Ya 2 ni Clean ileile pamoja na korasi (athari inayoifanya sauti iwe nene na ya kuyumba) ya polepole. Ya 3 ni Crunch, geini chini kidogo ya nusu, bila dilei (sauti inayojirudia baadaye). Ya 4 ni Lead, geini nusu, dilei ya milisekunde 350 hadi 400, marudio mawili au matatu. Fungu la pili naliachia nyimbo zenye mambo ya pekee, kama tremolo (sauti inayopanda na kushuka kwa haraka) au waa (pedali inayofanya gitaa lilie kama mtu). Chaneli nne zinabeba karibu onyesho zima, na mguu unazikumbuka bila kuangalia chini.

Kosa kubwa ni kupanga yote haya nyumbani kwa sauti ndogo. Sauti ikiwa ndogo, sikio halisikii vizuri besi ya chini wala trebo ya juu, kwa hiyo mtu anaziongeza zote mbili na kuchimba shimo katikati. Akifika jukwaani akapandisha, besi inavuma, trebo inachoma, na gitaa halisikiki kwa sababu sauti za kati, mahali gitaa linapoishi, hazipo. Uzi mzito wa E uko kwenye hetsi 82, eneo ambalo tayari lina gitaa la besi na ngoma kubwa; huko huna ugomvi wa kushinda. Nashusha besi chini ya katikati na kupandisha sauti za kati hadi ziudhi kidogo nikipiga peke yangu. Zikiudhi peke yake, kwenye bendi zitakaa sawa.

Kulinganisha chaneli nafanya mpiga ngoma akiwa anapiga. Naanza na Clean, naiweka masta (kitufe cha sauti ya jumla) hadi isikike kwenye ngoma, kisha masta siigusi tena. Crunch na Lead nazisawazisha kwa kitufe cha volyumu, maana volyumu huhifadhiwa pamoja na chaneli, masta haihifadhiwi. Kuhifadhi ni kushikilia kitufe cha chaneli kwa sekunde moja hivi. Sasa mtego: ukishaita chaneli, vitufe vya mbele havionyeshi kilichohifadhiwa. Ukigusa besi kidogo tu, inaruka kwenda pale kitufe kilipo. Jukwaani nagusa masta peke yake.

Kwa solo, pedali ya kuongeza sauti usiiweke mbele ya amplifaya. Kwenye Lead itaongeza distosheni tu, maana sauti imeshabanwa na haina pa kwenda. Iweke kwenye ile njia ya kutoa na kurudisha sauti iliyo nyuma ya amplifaya, baada ya geini, uongeze desibeli 4 au 5. Hapo solo inatoka kweli. GA-FC nayo inataka kebo ya stereo yenye migusano mitatu. Kebo ya gitaa haifai, na watu wengi hudhani kidhibiti kimekufa kumbe ni waya.

Trebo hutoka kwenye spika kwa mstari ulionyooka. Amplifaya iliyowekwa sakafuni inapiga magotini mwako na usoni mwa mtu wa safu ya kwanza, nawe unazidi kuongeza trebo usiyoisikia. Inyanyue au iinamishe ielekee sikioni. Fundi mitambo akitaka maikrofoni, iwekwe pale kifuniko cha katikati ya spika kinapoishia, si katikati penyewe. Na usichomeke kitu kwenye tundu la vifaa vya masikio na kurekodia ukiwa jukwaani, maana spika inanyamaza.

Je, amplifaya ya vali (zile taa za kioo za zamani zinazokuza sauti)? Fender Hot Rod Deluxe, wati 40 na vali mbili za 6L6, inajibu vidole kwa namna ambayo Katana haifiki, hasa pale sauti inapoanza kukwaruza. Asiyetaka zaidi ya sauti mbili na pedali zake, achukue hiyo. Ajue tu kwamba vali huchoka, zile za nguvu zikibadilishwa baiasi (kiasi cha umeme unaopita kwenye vali) ikaguliwe na fundi, na amplifaya ya vali haiwashwi kamwe bila spika, transfoma ya kutolea sauti itaungua. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, bado inaishinda Katana kwa sauti safi na korasi, lakini ni spika mbili za inchi 12 na mgongo wako, na distosheni yake naona afadhali isiguswe.

Ukikuta Katana iliyotumika, zungusha kila kitufe taratibu ukisikiliza mikwaruzo, tikisa plagi kwenye tundu la gitaa, badilisha ngazi zote za nguvu, ya nusu wati, 50 na 100, kisha piga uzi wa E ukiwa kwenye Clean na masta robo tatu. Spika iliyochanika itajitangaza hapo.