Vioo vya kuzuia moto kwa jengo la Fort Portal, Kasese au Kampala: kipi ununue, kipi uache

Anayejenga ghorofa Fort Portal, Kasese au Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, anajenga ndani au ukingoni mwa Bonde la Ufa la Magharibi, na ardhi ya huko haijatulia. Tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 150. Februari 1994 likaja jingine la ukubwa wa 6.2, karibu na Fort Portal. Mwaka 2016 tetemeko la 5.9 lilipiga Bukoba, Tanzania, na nyumba zikabomoka hadi Rakai upande wetu wa mpaka. Wazee wa Toro wanayakumbuka haya bila kusoma popote.

Linalosahaulika ni moto unaofuata. San Francisco mwaka 1906 na Tokyo mwaka 1923 ziliteketea baada ya ardhi kutikisika, na Kobe ikawaka mwaka 1995. Nyaya hukatika, mitungi ya gesi huanguka, jenereta huvuja dizeli, na gari la zimamoto linakwama kwenye barabara iliyojaa vifusi. Kwa hiyo kioo unachokinunua kilinde ngazi ya kutorokea kitaombwa kazi yake kikiwa kimeshatikiswa. Majaribio ya tanuru yanayotoa vyeti hayatikisi kioo kwanza. Kioo huingizwa kizima, ndani ya fremu iliyonyooka. Pengo hilo la cheti ndilo limenifanya nivipange vioo hivi kwa mpangilio usiofanana na wa muuzaji. Muuzaji hupanga kwa bei na dakika. Mimi naanza na swali moja: kikishapata ufa, kitabaki mahali pake?

Kwanza, ujue kusoma kona ya kioo. Kioo halisi cha moto kina mhuri uliochomwa ndani ya kioo chenyewe, kwa kawaida pembeni chini, mdogo kuliko kidole gumba: jina la mtengenezaji, aina, kiwango kilichotumika kukipima, na daraja. Stika si mhuri. Ukipitisha ukucha na maandishi yakabanduka, rudisha. Kwa vioo vinavyopimwa kwa mfumo wa Ulaya utakuta herufi na namba, mfano E 30, EW 30 au EI 60. Namba ni dakika. E inamaanisha kioo kinazuia miali na gesi zenye joto kali kupita, basi. Joto linapita kama kawaida, na pazia au boksi lililo upande wa pili linaweza kuwaka bila mwali hata mmoja kuvuka. EW inapunguza mionzi ya joto isizidi kilowati 15 kwa mita ya mraba, ikipimwa umbali wa mita moja. EI ndiyo inayozuia na joto pia: upande usio na moto usipande kwa wastani wa zaidi ya nyuzi 140 juu ya ulivyokuwa. Mtu anayeteremka ngazi na mtoto mgongoni anahitaji EI. Hapa sibishani na mtu.

Usikubali jaribio la kiberiti. Dukani utasikia, "Boss, tazama, nakiwasha hapa na hakipasuki." Moto wa kiberiti kwa nusu dakika hauthibitishi kitu. Tanuru la kipimo linafika nyuzi 840 hivi ndani ya dakika 30, na karibu 945 ndani ya saa moja.

Nafasi ya kwanza: kioo cha tabaka kinachofura

Hiki ni vioo kadhaa vyembamba vilivyogandamizwa pamoja, na katikati ya kila viwili kuna tabaka angavu la silikati ya sodiamu. Siku za kawaida unaona kupitia ndani yake kama dirisha lolote. Joto likifika nyuzi 120 hivi, kioo cha upande wa moto kinapasuka, tabaka lake linafura na kuwa povu jeupe gumu, kisha la pili linasubiri zamu yake. Pilkington Pyrostop na AGC Pyrobel ni za aina hii. Vetrotech wana Contraflam, inayotumia jeli kati ya vioo vya tempa, yaani vilivyoimarishwa kwa joto kiwandani.

Nimekipa nafasi ya kwanza kwa sababu mbili. Kinazuia joto, na kikipata ufa kwenye tetemeko vipande vinabaki vimeshikana. Baada ya ufa cheti hakikulindi tena na lazima kioo kibadilishwe, lakini usiku ule wa tetemeko bado una kizuizi kilichosimama badala ya tundu.

Ubaya wake ni uzito na bei. Kioo chochote cha kawaida kina kilo 2.5 kwa kila milimita moja ya unene kwa mita ya mraba. Kioo cha EI 60 chenye unene wa milimita 23 hadi 25 kinakaribia kilo 60 kwa mita ya mraba. Mlango wenye kioo cha mita mbili kwa moja unabeba takriban kilo 120 kabla hujahesabu fremu. Tetemeko linavuta kitu kulingana na uzito wake, kwa hiyo uzito huu lazima ushikwe na zege au chuma, si na tofali za kuchoma peke yake. Nimeona fremu nzuri kabisa zimefungwa kwa skrubu na plagi za plastiki kwenye ukuta wa tofali usio na linta ya maana. Fremu kama hiyo itang'oka pamoja na kioo chake.

Tabaka hilo pia halipendi maji wala jua kali. Kingo hufungwa na utepe maalumu kiwandani, na fundi akiubandua ili kioo "kiingie vizuri", unyevu unaingia na baada ya muda kioo kinakuwa na ukungu pembeni. Kisikatwe kwenye saiti. Kwa dirisha la nje agiza aina ya nje, yenye tabaka la ziada la kukinga mionzi ya jua; ya ndani ikiwekwa nje itaharibika. Na kontena la chuma lililoachwa juani wiki nzima si ghala: aina nyingi zina kikomo cha joto la kuhifadhia cha nyuzi 50 hivi.

Nafasi ya pili: kioo cha kauri, cha tabaka

Kioo cha kauri karibu hakitanuki kikipata joto, ndiyo maana unaweza kukipasha hadi kiwake wekundu kisha ukakimwagia maji na kisipasuke. Kama jengo lina vinyunyizio vya maji darini, au unategemea bomba la zimamoto, sifa hii ni kubwa, kwa sababu vioo vingine vikipata maji vikiwa vya moto hupasuka papo hapo. Ni chembamba, milimita 5 hivi kwa kimoja, kwa hiyo ni chepesi, na wepesi ni rafiki wa jengo linalotikisika. FireLite ya Nippon Electric Glass ndiyo inayojulikana zaidi.

Kwa nini basi si cha kwanza? Kwa sababu hakizuii joto. Na nimesema cha tabaka kwa makusudi: kioo cha kauri kitupu kikigongwa huvunjika vipande vyenye makali. Kwa FireLite utafute ile iliyoandikwa Plus, ambayo ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja. Kinafaa kwenye kijidirisha cha mlango wa korido, au ukuta ambao hakuna mtu anayepita karibu wakati wa kukimbia.

Nafasi ya tatu: kioo cha waya

Wengi wanakidharau kwa sababu ni cha zamani na waya wake unaonekana. Mimi sikitupi. Kikipasuka, waya unakishika mahali pake, na hilo ndilo swali letu. Milimita 6 kwa kawaida hutoa E 30 hadi E 60 kulingana na fremu. Lakini ujue hili: waya hauongezi nguvu ya kioo dhidi ya kugongwa, unaipunguza. Mtoto wa shule akikisukuma kwa mkono, mkono unapita na waya unamkata. Hivyo kiwe kidogo, kiwe juu ya kimo cha kifua, na mahali watu wanapopita kwa wingi agiza aina iliyopimwa pia kwa mgongano. Kwa bweni la shule Kabarole lenye bajeti ndogo, kijidirisha cha waya chenye cheti, ndani ya mlango wa chuma, ni ununuzi wa heshima.

Nafasi ya mwisho: tempa ya moto

Hiki ndicho utakachoonyeshwa kwanza, kwa sababu ni cha bei nafuu, ni safi machoni, na kinapita majaribio ya E 30 na mara nyingine E 60 kikiwa kizima. Iko ya kioo cha kawaida kilichoimarishwa, na iko ya borosilikati, kioo kinachotanuka kidogo tu kikipata joto, kama Pyran S ya Schott, ambayo ni bora zaidi kwenye joto. Shida yake ni moja na ni kubwa. Nguvu ya tempa imo kwenye ngozi yake. Ukingo ukigongwa na chuma cha fremu hata mara moja, kioo kizima kinamwagika kama mchele. Fremu ikipinda kwenye tetemeko, kinachogongwa ni ukingo huohuo. Dakika tano baadaye moto unapoanza, pale palipokuwa na ukuta wako pana uwazi. Kwa jengo la magharibi ningekiacha kabisa kwenye ngazi na njia za kutorokea.

Tempa ya kawaida ya milango ya maduka, isiyo ya moto, haimo kwenye orodha hii hata kidogo, ingawa wapo wanaoiuza kwa jina hilo. Ishara moja rahisi: tempa yoyote haikatwi ikishatoka kiwandani. Fundi akikuambia atakipunguza kidogo hapo kwenye meza yake, hicho si tempa.

Fremu ndiyo nusu ya pesa yako

Mafundi wetu wa aluminiamu ni hodari na kazi yao imejaa mjini. Lakini aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na tanuru la kipimo linavuka joto hilo kama dakika ya kumi. Kioo cha saa nzima ndani ya aluminiamu ya kawaida ni kioo cha dakika kumi. Nunua fremu ya chuma, au mfumo uliopimwa pamoja na kioo hichohicho, na bidingi (vipande vyembamba vinavyokishika kioo ndani ya fremu) za chuma zilizofungwa kwa skrubu. Bidingi za plastiki, silikoni ya kawaida na raba za kawaida zinaungua au kuyeyuka mapema. Mahali pake panawekwa utepe wa nyuzi za kauri na silikoni iliyotajwa kwenye ripoti ya kipimo cha moto cha kioo hicho.

Sasa tetemeko. Ghorofa likiyumba, fremu ya mstatili inalala mshazari, na kioo kigumu ndani yake hakiwezi kulala nayo. Kinachokiokoa ni nafasi iliyoachwa kati ya ukingo wa kioo na chuma. Chukua kioo cha upana wa mita 1 na urefu wa mita 2. Ukiacha milimita 6 pande zote, fremu inaweza kusogea mlalo milimita 36 kabla chuma hakijabana kioo: 12 za kuteleza kando, na 24 za kioo kujizungusha kidogo. Ukiacha milimita 3 unapata 18 tu. Ghorofa la mita 3 likiyumba kwa asilimia moja ya kimo chake, fremu ya mita 2 inapinda milimita 20. Cha kwanza kinapona, cha pili kinapasuka, na tofauti ni milimita tatu ambazo fundi anaweza kuziziba kwa haraka zake.

Nafasi hiyo isizidi wala kupungua kuliko ripoti ya moto inavyoruhusu, na mfereji wa fremu uwe na kina cha kutosha ili kioo kikisogea upande mmoja kisichomoke upande wa pili. Mwombe mhandisi wa jengo akupe kiasi jengo litakachoyumba kila ghorofa; Uganda ina kiwango chake cha usanifu dhidi ya matetemeko, US 319 cha mwaka 2003, na mhandisi anayejenga Kasese bila kukifungua anafaa aulizwe kwa nini.

Kabla ya kulipa

Omba ripoti ya kipimo, si brosha. Tafuta kurasa zinazotaja fremu iliyotumika, ukubwa wa juu kabisa wa kioo kilichopimwa, na kama kilikuwa ukuta au mlango. Kioo kilichopimwa cha mita moja kwa mbili hakikupi ruhusa ya kuweka cha mita mbili kwa tatu. Karatasi hizo pia utazihitaji wakati wa kuomba kibali cha kukalia jengo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, na afisa wa zimamoto anaweza kuziomba.

Kama umeagiza kioo pacha chenye hewa iliyofungiwa katikati, mwambie muuzaji jengo liko wapi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, Fort Portal takriban 1,500, Kabale karibu 2,000. Kilichofungwa usawa wa bahari kinavimba kikipanda huku, kwa kuwa hewa ya nje ina shinikizo dogo, na mizibo ya kingo inaanza maisha yake imeshavutwa. Viwanda vinajua kulirekebisha hilo wakiambiwa mapema.

Na kama bajeti haitoshi, punguza kioo, usipunguze daraja. Ukuta wa zege au wa tofali ulioimarishwa kwa nondo, wenye mlango wa moto na kijidirisha kidogo cha EI, unailinda ngazi vizuri kuliko ukuta mzima wa tempa. Agiza na kioo kimoja cha akiba kwa kila ukubwa ulio kwenye ngazi, kwa sababu kuleta kimoja kipya kutoka Ulaya au Asia kupitia Mombasa kunaweza kuchukua miezi. Baada ya tetemeko lolote linalosikika, pita na tochi: angalia pembe za kioo kama zina ufa, bidingi kama zimelegea, na mlango kama bado unajifunga wenyewe hadi ulimi wa kitasa uingie.