Alasiri tano za michezo ya ubao, Upanga

Kwa Jumamosi tano mfululizo nimehudhuria mkusanyiko wa wapenzi wa michezo ya ubao unaofanyika katika mgahawa mmoja wa Upanga, jijini Dar es Salaam, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku. Kiingilio ni shilingi 5,000, na fedha hiyo hupunguzwa kwenye gharama ya chai na sambusa, hivyo kwa upande wa mfuko sina la kulalamikia. Sikutaka kuandika baada ya siku ya kwanza, kwa kuwa mgeni siku ya kwanza hupakatwa na kila mtu. Nilitaka kuona anavyotendewa akishazoeleka.

Mchezo unaotandazwa kwanza karibu kila wiki ni Catan, uliobuniwa na Mjerumani Klaus Teuber na kutolewa mwaka 1995. Wachezaji watatu au wanne hujenga vijiji na barabara juu ya kisiwa cha vigae 19, wakivuna mbao, matofali, sufu, nafaka na mawe ya madini kulingana na namba zinazoangukiwa na dadu mbili, na anayetangulia kufikisha pointi 10 ndiye mshindi. Utamu wake hauko kwenye dadu bali kwenye kubadilishana mali, na hapo sikuona mtu aliyehitaji kufundishwa: yeyote aliyewahi kununua kitambaa Kariakoo anajua kuonyesha kwamba hana haja na kitu anachokitaka kuliko vyote. Kasoro yake ni kwamba aliyeweka vijiji vyake vya mwanzo pabaya, kwa mfano kwenye namba 2 au 12, ambazo kila moja ina njia moja tu kati ya 36 za kutokea, anaweza kukaa saa nzima akiwatazama wenzake wakivuna. Mtu mzoefu angemwonya mapema. Katika mkusanyiko huu, hata hivyo, maelezo ya kanuni hutolewa kwa kusomwa kijitabu chote kwa sauti, ukurasa hadi ukurasa, na nilipopima kwa saa yangu Jumamosi ya pili, dakika 40 zilipita kabla ya dadu kurushwa, huku wageni wawili wakiwa wameshaondoka.

Kama ningekuwa mwandalizi, mgeni ningemwanzisha na Ticket to Ride, kazi ya Alan R. Moon ya mwaka 2004. Kanuni zake zinaelezeka kabla chai haijapoa: chukua kadi, au lipa kadi uweke mabehewa yako kwenye reli, au ongeza tiketi za safari. Njia ya behewa moja hukupa pointi 1 lakini ya mabehewa sita hukupa 15, kwa hiyo hata asiyeielewa ramani ya Marekani anaelewa upesi kwamba subira ina malipo. Sanduku la hapa, kwa bahati mbaya, limeachwa bila matunzo. Kila mchezaji anapaswa kuwa na mabehewa 45, na mchezo huingia mzunguko wa mwisho pale mmoja anapobakiwa na mawili au pungufu. Mimi nilipewa ya buluu, nikayahesabu, yakawa 41. Mchezaji aliyepunjwa manne huufunga mchezo mapema kuliko anavyostahili, au hukosa njia ndefu aliyoipigia hesabu tangu mwanzo. Nilipolisema jambo hilo nilijibiwa kwamba haidhuru, tunacheza tu. Jibu hilo ndilo lililonikera kuliko upungufu wenyewe.

Pandemic, wa Matt Leacock, niutaje kwa ufupi. Wachezaji wote huwa upande mmoja wakipambana na magonjwa manne, jambo linalopendeza, isipokuwa kwamba mtu mmoja mwenye sauti kubwa anaweza kuwachezea wote, na hapa yupo. Ramani ina miji 48, na Afrika imepata Algiers, Kairo, Khartoum, Lagos, Kinshasa na Johannesburg. Sisi wa Dar es Salaam na wenzetu wa Nairobi nadhani tumehesabiwa kuwa wazima.

Lililonifanya nishike kalamu hasa ni bao. Kwenye rafu ya waandalizi, pembeni ya masanduku hayo ya bei, kuna kibao cha kukunja chenye bawaba, mistari miwili ya mashimo sita sita, cha aina inayouzwa kwenye maduka ya vinyago, nacho wanakiita bao. Jumamosi ya tatu mzee mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake alikishika, akakigeuza, akaniambia, "Mwanangu, hili ni la kuwekea njugu." Nilimwamkia, nikamwomba aje na lake. Wiki iliyofuata alikuja nalo limefungwa kwenye kanga: mistari minne ya mashimo manane, nyumba mbili, yaani mashimo ya mraba, zilizolainishwa na vidole vya miaka mingi, na komwe 64, mbegu ambazo ndizo kete zake.

Hakusoma kanuni. Alituanzisha na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na mchezaji huanza kula bila kushika akiba, na tulipoanza kuona wenyewe kwamba kete zilizoliwa huingizwa kupitia kichwa, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele, na kwamba kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu zamu imelala, ndipo alipotupandisha kwenye bao la kiswahili lenyewe: sita nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani mwa nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja kila zamu. Hadi magharibi meza ya Catan ilikuwa imebaki na mtu mmoja. Nilifungwa michezo minne, mmoja kati yake ukiwa mkononi, yaani kabla hata sijamaliza kunamua, na sikumbuki kufungwa kulikonifurahisha kiasi hicho.

Jumamosi ya tano waandalizi walimpa mzee meza iliyo chini ya spika ya muziki, karibu na mlango wa jikoni, kwa maelezo kwamba meza za ndani ni za michezo mikubwa. Alicheza mchezo mmoja, akafunga kanga yake, akaaga kwa adabu zote.

Kwa anayetafuta pa kupitishia alasiri pamoja na watu wema na chai nzuri, mahali hapa panafaa, ila awahi saa tisa kamili, aombe Ticket to Ride, na asiyachukue mabehewa ya buluu. Mimi nitarudi Jumamosi ijayo nikiwa na bao la marehemu babu yangu, na nimeshawaandikia waandalizi kuomba meza ya ndani, mbali na spika. Komwe nimezihesabu mara mbili, ziko 64.