Mshipi wa Kubana Uso Baada ya Upasuaji wa Kukaza Ngozi: Unasaidia Nini Hasa?

Karibuni, ndugu watazamaji. Bidhaa ninayoichambua leo ni mshipi wa kubana uso, ule unaopita chini ya kidevu, ukafunika mashavu na kufungwa utosini kwa velkro, ambao maduka ya mtandaoni huwauzia watu waliofanyiwa upasuaji wa kukaza ngozi ya uso na shingo. Boksi lake linaahidi kupunguza uvimbe na kuzuia madhara ya upasuaji. Ahadi ya kwanza inajadilika. Ya pili naikataa.

Kitambaa chenyewe ni kizuri, kinavutika bila kukwaruza. Kasoro iko kwenye tundu la sikio, ambalo limekatwa dogo mno, kiasi kwamba ukingo wake unakaa juu ya mshono unaozunguka ndewe na kupanda nyuma ya sikio. Ngozi ya hapo nyuma ndiyo iliyovutwa zaidi na ndiyo inayofikiwa na damu kwa shida, kwa hiyo hapo ndipo ngozi inaweza kufa, hasa kwa mvutaji wa sigara, kwa kuwa nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ukiuvaa, hakikisha kidole kinapita kwa urahisi kati ya kitambaa na shavu.

Uvimbe kwa kawaida hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na michubuko huteremka shingoni, wakati mwingine hadi kifuani, kisha kwa wengi hufifia katika muda wa wiki mbili hivi. Mshipi unaweza kukupa hisia ya kushikiliwa, jambo ambalo wengine hulipenda, lakini kulala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito hakugharimu chochote na husaidia kupunguza uvimbe.

Sasa tuje kwenye hilo neno madhara. Tatizo linalotokea mara nyingi zaidi ni damu kuvuja na kukusanyika chini ya ngozi, na mara nyingi hutokea ndani ya saa 24 za kwanza, kwa wanaume zaidi kuliko wanawake, na hasa presha inapopanda. Ndiyo maana kutapika, kukohoa kwa nguvu na kujikamua chooni huogopwa sana siku hiyo, na ndiyo maana aspirini na ibuprofeni, dawa za maumivu zinazochelewesha damu kuganda, husimamishwa mapema kwa maelekezo ya daktari. Mwaka 2004 madaktari wawili wa London, Barry Jones na Rajiv Grover, walichapisha tathmini ya wagonjwa 910, na bandeji pamoja na mirija ya kutolea damu hazikuonekana kupunguza tatizo hili. Ikiwa bandeji iliyofungwa na daktari wa upasuaji haikuzuia, sioni kwa nini velkro ya dukani izuie.

Hatari ninayoiona ni kwamba mshipi unaweza kulificha tatizo hilo. Upande mmoja ukianza kuuma kuliko mwingine, ukavimba ghafla, ukawa mgumu na wa zambarau, usiukaze mshipi ukidhani utatulia; ufungue, mpigie daktari wako saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu damu isiyotolewa huikandamiza ngozi kutoka chini hadi ikafa.

Ganzi ya shavu na ndewe, ambayo inaweza kudumu miezi, pamoja na mdomo kupinda kidogo pale neva ya uso inapoguswa, mara nyingi huisha zenyewe, wala mshipi hauna mkono katika hilo. Vivyo hivyo makovu ya keloidi, yaani yale yanayovimba na kutanuka kupita jeraha lenyewe, ambayo sisi wenye ngozi nyeusi tunayapata zaidi: hujitokeza miezi kadhaa baadaye, wakati mshipi umekwisha kuwekwa kabatini. Mwenye historia ya keloidi amwambie daktari kabla ya kisu, si baada. Na wanaosafiri kwa ndege kwenda kufanyiwa upasuaji nchi nyingine waulize ni lini wataruhusiwa kurudi, kwa kuwa kukaa kitini muda mrefu ndani ya ndege baada ya upasuaji huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni.

Kwa bidhaa hii, basi, natoa alama mbili kati ya tano, zote kwa ajili ya kitambaa. Kama daktari wako amekuagiza mshipi, tafuta wenye tundu pana la sikio na mikanda miwili inayofunguka kila mmoja peke yake, na umwonyeshe kabla hujauvaa.