Dola 900 za kujaziwa fomu za grini kadi: nyota mbili, na hizo mbili ni za usafi wa karatasi

Nianze na alichofanya vizuri huyu fundi wa fomu niliyemlipa, haki yake nimpe. Fomu zilijazwa safi. I-130 ya mume wangu kuniombea, I-485 yangu ya kuomba ukaazi, yaani grini kadi yenyewe, nikiwa humu humu Marekani, ya udhamini, ya kibali cha kazi na ya ruhusa ya kusafiri, zote zilikwenda bahasha moja Machi 2023 na hakuna iliyorudishwa. Ada za serikali zilikuwa dola 1,760 jumla, kibali cha kazi na ruhusa ya safari vikiwa ndani yake. Ukiomba sasa usifuate hesabu yangu, maana bei zilipanda tarehe 1 Aprili 2024: I-130 ya karatasi, si ya mtandaoni, ikawa dola 675, I-485 ikawa 1,440, kibali cha kazi 260, ruhusa ya safari 630. Yeye zake zilikuwa 900, taslimu, na stakabadhi hakutoa.

Huyu si wakili. Ni fundi wa fomu, na hapa Columbus kila anayezungumza Kiswahili anamjua mmoja wa aina yake: anajaza kodi, anapiga picha za pasipoti, anatuma mizigo nyumbani, na makaratasi ya uhamiaji anayafanya hapo hapo kaunta. Jina lake silitaji.

Siku risiti ya I-485 ilipofika nilimuuliza swali moja tu: "Sasa mimi ni nani hapa?" Nilikuwa nimekuja kwa viza ya mwanafunzi na karo ilikuwa imenikaba. Akacheka. "Dada, wewe ni mke wa Mmarekani. Ushakuwa halali. Shule ya nini tena?" Nikaacha masomo muhula ule ule, na moyoni nikamshukuru.

Nilikuja kueleweshwa na mtu mwingine, baadaye, kwamba risiti si hadhi, yaani si haki kamili ya kuwepo nchini. Maombi yakiwa mezani unaruhusiwa kubaki, na siku zako hazihesabiwi kuwa za kukaa kinyume cha sheria, lakini ruhusa yenyewe imening'inia kwenye faili. Faili likikataliwa, na ruhusa imekwenda nayo. Mwenye hadhi ya shule au ya kazi iliyo hai ana pa kurudi. Mimi pangu nilikuwa nimeshapabomoa kwa mkono wangu. Anayetoka Mombasa ataelewa nikisema nilikuwa ndani ya feri ya Likoni, katikati ya mkondo: kisiwani nimeshatoka, ng'ambo sijafika, na nahodha anaweza kugeuza.

Si kwamba kila aliyepoteza hadhi ameangamia. Rafiki yangu wa Kisumu alikuwa amepitiliza siku za viza ya matembezi mwaka mzima kabla hajaomba, na akapata, kwa sababu mumewe ni raia na yeye mwenyewe aliingia kwa kukaguliwa na afisa uwanja wa ndege. Angekuwa ameolewa na mwenye grini kadi tu, pale pangekuwa na kesi nyingine. Kwa fundi wetu hao wote ni kitu kimoja: "mke wa Mmarekani".

Kuhusu kazi, sitasahau. Kibali kilikuwa hakijatoka, na kodi ya nyumba haisubiri kibali. Akaniambia kuna bohari inachukua watu, niende, na kwenye fomu ya mwajiri niweke alama pale penye neno raia. Nilikataa kwa woga, wala sikuwa najua lolote. Leo najua. Kufanya kazi bila kibali, kwa mke wa raia, kunaweza kusamehewa faili linapoamuliwa. Kujidai raia ilhali si raia ni kosa ambalo karibu halina msamaha, hata uwe na ndoa ya miaka 20 na watoto sita. Ushauri huo alinipa huku anakula mahamri.

Tena, mahali pa anwani yangu ya barua alikuwa ameandika ya duka lake. Barua ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole ilikaa kwake hadi zikabaki siku mbili. Ningekosa miadi ile bila kuomba nyingine, ofisi ingeweza kuhesabu kwamba nimeyatelekeza maombi.

Julai mwaka huo baba akafariki. Simu iliita saa tisa usiku. Nyumbani kwetu maiti hailali, na kufikia adhuhuri ya kwao alikuwa keshazikwa, lakini nilitaka niwahi angalau arobaini, nikae na mama. Nikampigia fundi. "Nenda tu, risiti unayo." Tikiti nilikuwa nimeshaiweka kwenye simu, bado kubonyeza kulipa. Mume wangu ndiye aliyesema tuulize kwingine kwanza.

Tulikwenda kwenye shirika moja la hisani lenye mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kushughulikia kesi za uhamiaji. Dola 100, saa nzima. Mama mtu mzima, miwani puani, alisoma risiti akaniuliza: "Ruhusa ya kusafiri imetoka?" Haijatoka. "Basi ukipanda ndege, I-485 yako wataihesabu umeiacha. Na viza ya shule ulishaiua. Kesi itabidi ihamie ubalozini, nawe uko huko." Akaeleza kwamba kuna njia ya kuomba ruhusa ya dharura kwa msiba, kwa kupiga simu na kupeleka hati ya kifo, akajitolea kunisaidia. Nikampigia mama kumwambia tunajaribu. Akasema, "Mwanangu, babako tushamzika. Kaa umalize makaratasi yako." Nikakaa. Hitima niliisikiliza kwa simu, nimejifungia bafuni ili nisimwamshe mume wangu aliyetoka zamu ya usiku.

Kibali cha kazi kilitoka Septemba. Ruhusa ya safari ilikuja Novemba.

Kitu kimoja zaidi yule mama alikiona, ambacho mimi nisingekiona kamwe: mwishoni mwa fomu pana sehemu ya aliyekusaidia kujaza, na kwangu ilikuwa tupu. Anayelipwa kujaza anatakiwa aandike jina na kutia sahihi. Fundi alikuwa amejiondoa kwenye karatasi zangu mapema kabisa. Pia yule mama alinibadilishia anwani siku ile ile. Sheria inatupa siku 10 tu kila tukihama.

Mahojiano yalikuwa Juni 2024, dakika 25, na kadi ikaja kwa posta. Ni ya miaka miwili, kwa kuwa ndoa yetu ilikuwa haijatimiza miwili siku ya uamuzi, kwa hiyo ndani ya siku 90 za mwisho lazima tupeleke I-751 ya kuondoa masharti. Nitaifanya kwa yule mama wa miwani.

Fundi ameshanitumia ujumbe wa kunikumbusha, pamoja na bei yake mpya. Sijamjibu.